Mita Moja na Nusu

Naikumbuka vizuri asubuhi moja ya likizo ya Agosti, mwanangu, kwa sababu ndiyo asubuhi niliyopigiwa makofi kwa jibu lisilo sahihi. Nilikuwa kidato cha tatu. Watu wazima walinishangilia, mama mmoja akavua shanga zake akanivika shingoni, na mimi nikasimama katikati yao nimevimba kichwa. Nimezeeka sasa, nina wajukuu, lakini nikiyakumbuka makofi yale masikio yangu bado hupata moto.

Umeniuliza hesabu hizi zitakusaidia nini; ngoja nianzie nyuma kidogo, ujue nilikuwa msichana wa namna gani.

Jina langu ni Akiru. Nimezaliwa nje ya Kakuma, ng'ambo ya Tarach, ule mto wa mchanga ambao hupata maji siku chache tu kwa mwaka. Baba alikuwa na mbuzi na ngamia wachache. Sekondari nilisoma Lodwar, shule ya bweni ya wasichana, na mabati ya darasa letu yalikuwa yakipata moto hata tukawa tunavua viatu chini ya dawati ili nyayo zipate ubaridi wa saruji. Huko ndiko nilikokutana na trigonometria, na huko ndiko nilikojifunza kuidanganya.

Kitabu chetu cha hesabu kilikuwa na majibu katika kurasa za mwisho. Mwalimu wetu alitoka "Kenya", kama tulivyokuwa tukisema sisi Waturkana juu ya kila mtu aliyetoka kusini ya Kitale, na kila muhula aliandika barua ya kuomba uhamisho. Siku ya kwanza alituangalia, akacheka, akasema, "Ninyi mtaolewa kabla hatujamaliza sura hii. Nakilini tu kilichoko ubaoni." Darasa zima tulinuna. Ningekuwa na akili, hasira ile ningeitumia kusoma. Mimi niliitumia kufanya uvivu. Nilijiambia, kama yeye hanifundishi, mimi nami sihangaiki. Nikawa nafungua kurasa za mwisho, naona jibu ni kumi na saba, halafu narudi kwenye swali nageuzageuza tarakimu mpaka kumi na saba itoke. Swali lisilokubali kugeuzwa naliruka. Na yaliyonishinda kabisa ni yale marefu yenye maneno: mtu mwenye kimo fulani amesimama umbali fulani, anatazama ncha ya mti. Hayo niliyaruka yote, mwanangu. Daftari langu lilikuwa safi, limejaa alama za vema, na mimi ndiye niliyekuwa wa kwanza darasani.

Likizo ile nilirudi nyumbani na sifa zangu. Mama alikuwa akipeleka maziwa ya mbuzi kambini, na mimi nikawa namsaidia kubeba. Kambi ya wakimbizi ilikuwa bado changa, mahema mengi kuliko nyumba. Upande walikokaa watu wa Sudan Kusini tulikuta mtu mrefu mwembamba, shati lake limefungwa vifungo mpaka shingoni kwenye joto lile, anafundisha hesabu chini ya turubai. Ubao wake ulikuwa mlango wa bati uliopakwa masizi. Aliitwa Mwalimu Lado. Zamani kwao Juba alikuwa mpima ardhi. Vita vilipomkimbiza alibeba Biblia yake na kitabu cha majedwali ya hesabu, basi.

Kesho yake nilimpelekea daftari langu ili kujionyesha. Alilipekua polepole, ukurasa kwa ukurasa, kisha akanirudishia.

"Hii kazi mzuri sana," akasema kwa Kiswahili chake cha Juba. "Lakini hapana kazi yako. Hii kazi ya mtu alitengeneza kitabu."

Nikakana. Hakubishana nami. Aliokota kipande cha boksi, akaandika maswali kumi kwa kalamu ya risasi, akanipa. Yalikuwa juu ya vitu vya pale pale: hema, tangi la maji, upana wa Tarach, mgunga ulioko karibu na njia. Majibu hayakuwapo popote. Akanifundisha pia kutengeneza kipimo: chukua kipimapembe cha plastiki, funga uzi katikati, ning'iniza jiwe dogo kama timazi ya fundi mwashi, kisha tazama ncha ya kitu kwa kufuata ukingo ulionyooka. Uzi utakuonyesha pembe.

Wiki mbili nilihangaika na boksi lile. Nilifanya tisa. La saba lilikuwa la mtu amesimama anatazama ncha ya mgunga, na kimo chake kimetajwa. Nikaliruka, kwa mazoea tu, nikijiambia kuwa maswali tisa kwa kumi si haba.

Sasa nije kwenye asubuhi yenyewe.

Karibu na kwetu palikuwa na zahanati ndogo, na mwuguzi mkuu alikuwa shangazi yangu Paulina. Uani mwa zahanati ulisimama mnara wa redio wa zamani, wa vyuma, ulioachwa na watu waliokwisha kuondoka miaka mingi. Miguu yake ilikuwa imeliwa na kutu, na upepo ukivuma ulikuwa unalia. Ikaamuliwa uangushwe kabla haujaanguka wenyewe. Wakaja mafundi na lori, na mkuu wao aliitwa Fundi Barasa, mtu mchangamfu, mwenye sauti kubwa na karatasi mfukoni. Karatasi ilisema mnara una mita kumi na nane. Upande mmoja wa mnara kulikuwa na bomba la maji, upande mwingine nyumba za watu, upande wa tatu kanisa letu. Uliobaki ulikuwa uwanja mtupu, na mwisho wa uwanja ulikuwa ukuta wa wodi ya wazazi. Fundi Barasa alipima kwa tepu kutoka mguu wa mnara hadi ukutani: mita ishirini na moja na nusu.

"Uwanja unatosha na kubaki," akasema. "Tutaukata chini, tutauvuta kwa kamba, utalala hapa kama ngamia."

Ndani ya wodi kulikuwa na wanawake wawili waliojifungua na mmoja ambaye uchungu ulikuwa umeanza. Shangazi hakutaka kuwatoa nje kwenye upepo wa vumbi bila sababu. Alitazama mnara, akatazama ukuta, hakuridhika. Akaniita.

"Akiru, wewe si ndiye wa kwanza huko Lodwar? Tupimie huu mnara."

Je, ungekuwa wewe ungefanyaje? Nilikimbia nyumbani nikachukua kipimo changu na majedwali yangu ya shule. Nikapima mita thelathini kutoka mguu wa mnara, upande wa bomba, nikasimama, nikafunga jicho moja, nikatazama ncha. Uzi ukatulia kwenye digrii thelathini na tano. Nikafungua jedwali: tanjenti ya thelathini na tano ni sifuri nukta saba. Thelathini mara sifuri nukta saba ni ishirini na moja.

"Mita ishirini na moja!" nikatangaza.

Fundi Barasa alishtuka kidogo kwamba haikuwa kumi na nane, lakini akajikaza akacheka. "Bado haufiki! Nusu mita imebaki, na kamba zangu zitauvuta pembeni. Saa tisa tunakata."

Shangazi alisema taratibu kwamba nusu mita ni kidogo sana. Na mimi, mwanangu, mimi mwenyewe kwa kinywa changu, nikamwambia, "Shangazi, hesabu haidanganyi."

Ndipo makofi yakapigwa na majirani waliokuja kutazama. Ndipo zile shanga.

Sikuweza kukaa na sifa zile peke yangu. Nilivuka Tarach saa sita na nusu kwenda kambini kumsimulia Mwalimu Lado. Nilimkuta amekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, anachonga kalamu. Alinisikiliza mpaka mwisho. Alifurahi, niliona alifurahi, mpaka nilipofika kwenye jibu. Akaweka kisu chini.

"Akiru, wakati wewe napima, nalala chini?"

"Hapana, Mwalimu. Nilisimama."

"Jicho lako iko kwa udongo?"

 Alichukua rula yake ndefu, akaisimamisha mbele yangu kuanzia mchangani, akaweka kidole chake mahali palipo sawa na jicho langu. Mita moja na nusu.

"Pembe inaanza hapa," akasema. "Hii ya chini, ulimpa nani?"

 Ishirini na moja na moja na nusu: ishirini na mbili na nusu. Mnara ungeupita ukuta wa wodi kwa mita nzima, na kitanda cha kwanza kilikuwa chini ya dirisha.

Nilijua papo hapo lilikuwa swali gani. Lilikuwa lile la saba.

Na sasa sikiliza, maana hapa ndipo mahali ninapotaka unifahamu vizuri. Jambo la kwanza lililonijia kichwani halikuwa wale wanawake. Lilikuwa uso wangu. Niliwaza: nikirudi kusema nimekosea, watacheka mpaka Lokichoggio. Niliwaza: labda kamba zitauvuta pembeni kweli. Nilisimama pale nikitafuta njia ya kunyamaza, na Mwalimu Lado aliniona nikiitafuta. Hakunikemea kwa sauti. Alisema hivi tu:

"Mimi nilipima barabara Juba miaka mingi. Nilikosea. Mara moja nilikosea, nikanyamaza, kwa sababu mkubwa wangu alikuwa amenisifu. Daraja ikaanguka na mtu juu yake. Mimi namjua jina yake mpaka leo." Akatazama jua. "Wanakata saa ngapi?"

"Saa tisa."

"Sasa saa saba imepita. Wewe iko na miguu."

Nilikimbia, mwanangu. Mchanga wa Tarach saa ile unaunguza hata kupitia kandambili za matairi, na kandambili moja ilikatika katikati ya mto nikaiacha pale pale. Nilifika zahanati nikihema. Kamba zilikuwa tayari zimefungwa, na mtu mmoja alikuwa amepiga magoti kwenye mguu wa mnara ana msumeno.

"Nimekosea!" nikapiga kelele. "Ni ishirini na mbili na nusu! Utafika wodi!"

Fundi Barasa akacheka, na watu wake wakacheka, na majirani zetu walionishangilia asubuhi nao wakacheka. "Asubuhi ishirini na moja, mchana ishirini na mbili na nusu," akasema. "Tukimpa chai utafika thelathini! Mwondoeni mtoto wenu."

Baba alikuwapo. Hakucheka, lakini aliniambia kwa Kiturkana nikae chini, nimekwisha kuwaaibisha. Hilo liliniuma kuliko vicheko vyote. Nilimheshimu baba yangu, na sikuwahi kumkatalia neno. Siku ile nilimkatalia. Sikumjibu vibaya. Nilitembea tu, mguu mmoja pekupeku, nikavuka uwanja mpaka chini ya dirisha la wodi, nikakaa chini na kuegemeza mgongo ukutani.

"Kateni basi," nikasema. "Kama haufiki, mimi nina hofu gani?"

Hakuna aliyecheka tena. Fundi Barasa alinijia akiwa amekasirika kweli, akaniambia ana kazi nyingine Lokichoggio, lori haliwezi kumngoja msichana. Nikamwambia lingoje. Akasema atamwita chifu. Nikamwambia amwite. Usidhani nilikuwa jasiri.  Halafu nikasikia mlango wa wodi unafunguliwa. Shangazi Paulina akatoka na kanzu yake nyeupe ya kazi, akaufuata ukuta mpaka nilipokuwa, akakaa chini kando yangu, mtu mzima, kwenye vumbi, akanyoosha miguu.

Fundi Barasa akatutazama. "Sasa mnataka nini?"

"Usiniamini mimi," nikamwambia. "Pima mwenyewe. Huhitaji jicho langu wala pembe yangu. Jua lipo. Simamisha fimbo."

Hilo nalo nilikuwa nimelifanya kwenye boksi, swali la pili. Alikuwa na nondo ya mita mbili. Akaisimamisha kwa hasira, akapima kivuli chake kwa tepu yake mwenyewe: mita moja nukta nne. Kisha akapima kivuli cha mnara, akakifuata mpaka ncha yake kule karibu na uzio: mita kumi na tano na robo tatu. Akatoa kalamu nyuma ya sikio, akaandika kwenye kiganja cha mkono. Nilimwona anaandika, anafuta kwa mate, anaandika tena. Kama kivuli cha moja nukta nne ni cha mita mbili, basi cha kumi na tano na robo tatu ni cha mita ngapi? Ifanye na wewe baadaye, usiniulize mimi.

Alikisoma kiganja chake mara ya pili. Kisha akamwambia yule mwenye msumeno, "Acha."

Akampandisha kijana wake mwepesi juu ya mnara na spana. Kijana alipofika karibu na ncha akapiga kelele kutoka juu kwamba kuna kipande cha nyongeza, kimefungwa kwa bolti za aina nyingine, kipya kuliko vyuma vya chini. Mtu fulani, wakati fulani, aliurefusha mnara na hakuandika popote. Walikifungua kipande kile na kukishusha kwa kamba, kazi iliyowachukua mchana wote na asubuhi ya siku ya pili. Kilipolazwa chini kilikuwa na mita nne na nusu. Karatasi ya Fundi Barasa haikuwa imedanganya, ilikuwa imepitwa na wakati tu. Mnara uliobaki ulipoangushwa, ncha yake iligonga mchanga mita tatu na nusu kutoka ukutani, na chupa za dawa zikatikisika kwenye rafu za shangazi. Yule mwanamke wa tatu alikuwa amekwisha kujifungua usiku, salama, mtoto wa kike.

Fundi Barasa hakuniomba radhi. Alipanda lori lake akaenda zake. Baba naye jioni aliniuliza, bila kunitazama, kivuli kinawezaje kujua urefu. Nikamchorea mchangani. Alitazama, akatikisa kichwa kukubali, akasema "Ejok," vizuri, na kuondoka kwenda kufunga zizi. Kwangu ilitosha.

Nilirudi Lodwar muhula wa tatu. Nilichukua sindano na uzi nikashona kurasa za mwisho za kitabu changu cha hesabu, zisifunguke. Wiki ya kwanza nilipata maswali manne sahihi kati ya ishirini. Sikuwa tena wa kwanza darasani. Nilishuka hadi wa kumi na tano, na wenzangu walishangaa. Nikawa naamka kabla ya kengele, nafanya maswali matano kabla ya uji, na matano mengine mchana wenzangu wakilala. Lililonishinda nililiandika upya kesho yake. Mwalimu wetu aliporudia ule utani wake wa kuolewa, nilisimama. Nilimwambia, "Mwalimu, tuulize swali lolote la sura hii. Likitushinda, cheka." Alinitoa nje kwa utovu wa nidhamu, na nilifagia uwanja siku tatu. Lakini siku ya nne aliingia darasani na kitabu, akaanza kutufundisha. Sijui alibadilishwa na nini. Pengine uhamisho wake ulikuwa umekataliwa.

Mwalimu Lado sikumwona tena baada ya mwaka ule. Nilisikia alirudi kwao. Nimefundisha hesabu hapa Lodwar tangu nilipomaliza chuo, na wanafunzi wangu wengine leo wanachimba visima, wengine wanainamisha paneli za sola juu ya mapaa ya Kalobeyei, makao mapya ya wakimbizi, wengine wanapima barabara. Kila mmoja wao alianza kwa kuniuliza swali lile lile unaloniuliza wewe: haya mambo ya sini na kosini yatanisaidia nini mimi, Mturkana, au mimi Mkongo wa kambini?

Kwa hiyo nikuambie wazi, mwanangu, nisikuache ukibahatisha nilichotaka kusema.

Usitazame jibu kabla ya kuhangaika. Ukikosa, kosa kwa mkono wako mwenyewe, ujue ulikosea wapi. Swali unaloliruka leo kwa sababu ni refu, kesho utaulizwa na ukuta, au daraja, au mgonjwa, na pale hapatakuwa na kurasa za mwisho. Toka nje na somo lako: pima mti, pima kivuli, pima paa la mama yako, halafu panda na tepu uone kama ulikuwa sahihi. Ukigundua umekosea mbele za watu, rudi mbele za watu wale wale ukaseme, hata kama walikupigia makofi, hasa kama walikupigia makofi. Na ukijua uko sahihi, wakacheka, kaa chini mahali ulipo wala usiondoke. Waambie wapime wenyewe.

Na mtu akikuambia somo hili si la watu wa kwenu, si la wasichana, si la wakimbizi, si la watoto wa wafugaji, mkatalie. Usimtukane, usilie, mkatalie tu, kisha fungua daftari ufanye swali linalofuata. Mimi nimemkatalia maisha yangu yote, na sijachoka.

Akuj, Mungu wetu aliye juu, akupe macho yanayoona mbali na moyo usiokimbia aibu. Akupe mvua kwa wakati wake na maziwa nyumbani kwenu. Mkono wako uandikapo usitetemeke, na ukitetemeka, uandike hivyo hivyo. Nenda, mwanangu, ubarikiwe.